Pombe ya Bweni la Wasichana

Bibi Avelina hajawahi kuonja pombe, lakini shule yetu yote imejengwa kwa pombe yake. Nasema haya nikiwa katibu wa kamati ya shule, na nikiwa mnywaji. Kwa miaka arobaini na mmoja, bila mshahara wala cheo, amepita nyumba kwa nyumba hapa kijijini, juu kidogo ya mji mdogo wa Mpui, akiwatoa watoto kwenye mashamba ya ulezi na kuwapeleka darasani. Vyumba vilipopungua, alipika pombe akatualika. Kwetu kazi ya kusaidiana ina pombe yake. Bila mtungi, hata kama ni mwanao atakayekaa humo darasani, mgongo unauma. Vyumba saba vilisimama hivyo. Ukuta wa chumba cha nne umepinda, kwa sababu siku hiyo mtungi ulitolewa mapema.

Miaka mitatu iliyopita alisimama mkutanoni akadai sheria ya kijiji: marufuku kupika au kunywa pombe ndani ya hatua mia mbili kutoka shuleni. Alichoka kusikia nyimbo za walevi zikiingia madirishani wakati wa hesabu. Tuliipitisha kwa makofi, wengine tukiwa tumelewa. Kwake palikuwa hatua mia tatu, basi hakuna aliyewaza zaidi.

Kisha akatoa shamba lake la kando ya nyumba lijengwe bweni. Wasichana wa vijiji vya mbali walikuwa wamepanga vyumba mitaani, na mwaka jana watano waliacha shule, wawili wakiwa wajawazito. Wafadhili wakajenga kuta, wakaleta mbao na mabati, wakapiga picha, wakaondoka. Kuezeka kulikuwa juu yetu, na Januari shule inafunguliwa. Na kwa kuwa bweni ni sehemu ya shule, shule nayo ilikuwa imemfuata Bibi hadi hatua arobaini kutoka jikoni kwake.

Alitualika Jumamosi tatu kwa uji badala ya pombe. Ya kwanza tulifika wawili, katekista na mimi. Mimi nilikwenda kuomba udhuru.

"Kapikie kilabuni kwa Cornelius, ni mbali na shule," nilimshauri.

"Zenon, pombe ya kazi hunywewa kwenye kazi," alinijibu. "Nikiiweka kwa Cornelius mtaifuata huko huko, na bweni litabaki linatazama mawingu."

Nikaomba udhuru wangu, nikaondoka.

Mwishoni mwa Novemba mvua ilipoanza kuloanisha kuta, aliloweka ulezi. Wiki nzima kijiji kilinukia vizuri mno. Calvin, mtendaji wetu wa kijiji, ambaye Bibi alimtoa shambani kwa kumshika sikio akiwa na miaka tisa, alipata mafua makali asisikie harufu yoyote. Jumamosi tulifika wanaume kumi na wawili. Kufikia jioni bati la mwisho lilikuwa limepigiliwa na mitungi ilikuwa imelala chali.

Jumatatu asubuhi Bibi aliingia ofisini kwa Calvin na mtungi mtupu kichwani. Nilikuwapo, nimefuata muhuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimepika pombe hatua arobaini kutoka bwenini. Andika."

"Bibi, mimi sikuona kitu. Nilikuwa naumwa."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Ukinisamehe mimi, kesho Cornelius anaweka kilabu mlangoni pa wale wasichana. Utamwambia nini?"

Calvin alifungua daftari la sheria. Adhabu ilikuwa imeandikwa wazi: siku kumi na nne za kazi za shule bila malipo.

Bibi alimtazama sana. "Na hii miaka arobaini na mmoja nilikuwa nimefanya kosa gani?"

Nilicheka peke yangu hadi nilipofika nyumbani. Jioni nikaisoma ile sheria, kwa kuwa nakala ninayo mimi, na kicheko kikaniishia. Inasema mpikaji na mnywaji, adhabu moja. Nikapita kwa wenzangu kumi na mmoja, nyumba kwa nyumba, kama nilivyomwona Bibi akipita maisha yangu yote.

Kesho yake tulimkuta anafagia vumbi la mbao bwenini, mgongo umepinda, miaka sabini na tisa. Tulisimama mlangoni na majembe na ndoo, bila tone la pombe kinywani, hakuna aliyeuliza mtungi uko wapi.

"Tumekuja kutumikia adhabu," nilisema.

Alituhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, hadi wa kumi na mbili. Nilidhani atafurahi. Midomo ilianza kumcheza.

"Kumbe mlikuwa mnaweza," alisema.

Akatugeuzia mgongo akaendelea kufagia, na machozi yanamtoka. Nimekaripiwa mara nyingi na yule mama, lakini aibu ya asubuhi ile bado ninayo.