Kanyere Hajibu Mara ya Kwanza

Kila Alhamisi saa tisa mchana nafundisha Kiingereza katika ukumbi wa parokia, hapa Butembo. Wanafunzi wangu ni wafanyabiashara, wengi wamenizidi umri. Wanakwenda Kampala kununua vitenge na vipuri vya pikipiki, na wamechoka kuchekwa huko kwa kukosa ulimi. Ni wabishi hao! Neno moja wanaweza kuligombania mpaka kengele ya misa ilie.

Alhamisi moja neno lilikuwa call. Sikulichagua mimi, kitabu ndicho kilichofika hapo. Kamusi yetu inalipa maana saba, na kila maana ina ndugu zake. Shout, nikawaambia, ni kuita kwa sauti kubwa. Summon ni kuita kwa amri, kama chifu. Name ni kumpa mtu jina, na visit ni kupita kwa mtu kumsalimu. Niliandika haraka ubaoni ili tulimalize.

Mama Solange, muuza vitenge, akainua mkono. "Madame, lakini kama bananiita na sione mutu, ile ni gani?"

Wengine walicheka, kisha wakaangalia madirisha. Kila mmoja wetu amelelewa na kanuni moja. Kwetu majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, na darasa langu la watu kumi na wawili lina Kanyere wawili, mimi wa tatu. Basi nyanya yangu alitufundisha: shambani ukisikia jina lako na humwoni anayeita, funga mdomo. Huenda si wewe unayeitwa. Tena huenda anayeita si mtu.

"Mutu wa kweli ataita mara ya pili," alikuwa akisema. "Ile ingine inaita mara moja tu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia, na nilichovunjika si guu.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na mume wangu Gracien katika shamba letu la kakao, upande wa Beni. Alikuwa na mafua, nami nilimtania asubuhi nzima kwamba anaongea kama mbuzi. Akateremka bondeni, nikabaki juu nikikata matunda. Saa nne hivi nikasikia, "Kanyere!" Mara moja tu, kwa sauti nzito nisiyoitambua. Mashamba ya jirani yalikuwa na akina Kanyere wengine, na miti ilikuwa imemficha mwenye kuita. Nikasimama na panga langu, nikingoja mara ya pili.

Haikuja. Zililia bunduki, mimi na majirani tukakimbia kwa njia ya juu. Baadaye wanajeshi walinirudishia kofia yake. Yeye mwenyewe hajaonekana mpaka leo.

Tangu siku ile silali vizuri. Nilipokumbuka mafua yake nilijua ni yeye: aliniita nimsaidie, nami nikanyamaza. Hilo ndilo nililolibeba, na hata padri sikumwambia.

Nilikuwa bado sijamjibu Mama Solange sauti iliposikika kutoka uani.

"Kanyere!"

Chaki ilinivunjikia mkononi. Kanyere Florentine, pale mbele, aliinamisha kichwa. Kanyere Eliane alijiziba mdomo kwa kitambaa. Hakuna aliyejibu, hakuna aliyegeuka. Ukungu ulikuwa umejaa madirishani, na ukumbi mzima ukawa unangoja mara ya pili.

Mimi sikuitaka tena hiyo mara ya pili. Sauti ile ilikuwa na mafua.

"Niko!" nikapaza sauti, nikakimbilia mlangoni.

"Madame, hapana!" akalia Mama Solange. "Usiitike!"

Nilifungua. Uani palikuwa peupe kwa ukungu, hata mnara wa kengele sikuuona. Niliweka mguu mmoja kwenye nyasi mbichi. Hapo sauti ikasema, taratibu, karibu kabisa na uso wangu:

"Usikuye."

Nisije, basi. Nyasi hazikutikisika, hakuna hatua iliyosikika. Mkono ukanishika mkono wa blauzi kutoka nyuma. Alikuwa Eliane.

"Anasema usikuye, Madame. Bote tumesikia."

Nililia mbele ya wanafunzi wangu, kwa sauti, wala sikuona haya. Miaka miwili nimejihukumu kwa neno ambalo hakulimaliza. Kumbe kule bondeni alikuwa ameshawaona wale watu wenye bunduki, na alikuwa ananizuia nisiteremke.

Eliane alifunga mlango. Nilipovuta pumzi, niliokota kipande cha chaki, nikaandika chini ya zile maana saba.

"Warn," nikasoma. "Kuonya."

Mama Solange alipekua kamusi kwenye call, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Madame, mu kitabu hii haiko."

"Ninajua," nikamwambia. "Muandike tu."