Nyumba Iliyokwenda Kuzalisha

“Nyumba haifunguliwi!” Mama Kaza alisema kwa mara ya nne, akapiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka. “Haifunguliwi leo wala kesho. Sikufunga nyumba arobaini za mji huu kwa mikono yangu ili ya kwangu iwe ya kwanza kuzurura baharini kama kopo tupu.”

“Basi tupe njia nyingine,” wifi yake akamjibu. Wifi ndiye alikuwa muuguzi wa mji, na mkoba wake wa kazi ulikuwa unaning’inia begani tangu alfajiri. “Mashua ziko wapi? Nionyeshe moja tu.”

“Unajua ziko wapi.”

“Nataka kusikia kutoka kinywani mwako.”

“Ziko chini ya maji.”

“Na nani aliamuru zizamishwe?”

Mama Kaza akajitia hamnazo, akaanza kupanga vikombe ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amevipangua. Aliyeamuru ni yeye.

Wala hakukosea kuamuru. Dunia hii ilikuwa maji matupu, isipokuwa ukanda mmoja wa mwamba walikojenga mji, na mwamba wa pili uliokuwa ng’ambo ya mkondo. Juu kulikuwa na miezi miwili. Kila baada ya miaka miwili miezi hiyo husimama bega kwa bega, na bahari hupanda siku mbili mfululizo mpaka inabisha hodi milangoni. Ndiyo maana nyumba zote zilikuwa masanduku ya chuma yale yale waliyoshukia miaka minne iliyopita, yanayoelea. Kila moja ilifungwa kwa minyororo minne, ikaachiwa urefu wa kupanda na kushuka. Mashua nazo zilijazwa mawe na kulazwa chini, zisije zikapigwa na mawimbi zikawa kuni. Mji mzima ulimtegemea Mama Kaza kwa hayo. Alipita nyumba kwa nyumba na nyundo, akigonga kila pete na kutega sikio. Pete nzima iliimba, na pete mbovu ilikohoa. Ikikohoa, alipiga kelele “Kaza!” mpaka mtaa wa tatu. Hakuna aliyekumbuka tena jina alilokuja nalo.

Redio iliyokuwa rafuni ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya mkwe wake, mume wa binti yake. Vijana hao wawili waliishi mwamba wa pili, wakitunza mashamba ya mwani.

“Mama? Amekaa. Hapana, amesimama. Sasa anatembea, na amenishika shati, kwa hiyo na mimi natembea.”

“Uchungu unakuja kila baada ya dakika ngapi?” Wifi akarukia redio.

“Kila... mama wee! Shangazi, ananivunja vidole!”

“Mpe kitambaa auminye.”

“Nilimpa. Amekitupa, anasema anataka vidole.”

Nyuma yake binti alisikika akipiga ukelele mrefu, kisha akasema vizuri kabisa, kama mtu anayeagiza sabuni: “Mwambieni mama aje. Namtaka mama.”

Mama Kaza akaviacha vikombe. Moyo ulikuwa unamwenda mbio tangu redio ilipokwaruza mara ya kwanza asubuhi ile, lakini mtu hatumii moyo kukagua minyororo. Akaenda ukutani kwenye kalenda aliyoichora mwenyewe, akaigonga kwa kidole.

“Tazama, wifi. Tumehesabu mimi na wewe. Leo ni wiki ya thelathini na saba. Bado tatu. Huo ni uchungu wa uongo, hata mimi nilipatwa nao nilipokuwa na mimba yake huyo huyo. Nililia siku nzima, jioni nikala, nikalala. Keshokutwa maji yakishuka tunainua mashua, tunamleta hapa, anajifungua kwa nafasi kama tulivyopanga.”

“Na ukiwa wa kweli? Mtoto wa wiki thelathini na saba, mikononi mwa huyo anayelia vidole?”

“Si wa kweli.”

“Kichwa kigumu kama kizibo cha tangi!”

“Wewe ndiwe mwepesi wa—”

“Mtoto yuko kwenye wakati wake,” ikatoka sauti kwenye kona.

Wote wawili wakageuka. Mama mkwe, mama yake wifi, alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, kopo la maziwa kwenye goti moja, mkebe wa biskuti kwenye goti la pili.

Huyu bibi alikuwa na ugomvi wake na dunia hii. Siku ya hapa ina saa ishirini na sita, kwa hiyo saa za mji zilitengenezwa upya, na watu wakazoea kuwa baada ya saa kumi na mbili kuna saa kumi na tatu, ambayo mpaka leo hakuna aliyejua ni ya kufanyia nini. Wengi waliitumia kukaa tu. Bibi aliikataa katakata. Alivaa saa ya mkononi aliyotoka nayo dunia ya zamani, akala na kulala kwa mishale yake. Wiki nyingine alikunywa chai na wenzake, wiki nyingine alikaanga mayai wenzake wakikoroma. Familia ilikuwa imemcheka mpaka ikachoka.

“Mama,” Mama Kaza akasema kwa adabu ya haraka haraka, “si sasa, tafadhali. Hapa tunazungumzia wiki.”

“Na mimi nazungumzia wiki. Mjukuu wangu aliponiambia ana mimba, nilimuuliza hedhi yake ya mwisho ilianza lini. Nikatia vifungo mia mbili na themanini humu kwenye kopo, nikatoa vya siku zilizokwisha kupita. Kila saa yangu ikizunguka mara mbili, nahamisha kifungo kimoja kwenye mkebe.” Akalitikisa kopo. Kikalia kitu kimoja, peke yake. “Kimebaki hiki.”

“Vifungo gani hivyo?”

“Vya mashati ya mwanangu. Ulidhani vinapotelea wapi?”

Kutoka paani, alikokuwa akifunga tangi la maji, mwana mwenyewe, mume wa Mama Kaza, akapaza sauti: “Nilijua! Nilijua si mimi ninayevipoteza!”

Wifi hakucheka. Alikuwa amechukua chaki akaandika ukutani, karibu na kalenda. Siku mia mbili na sitini. Kila siku saa mbili za nyongeza. Akazidisha, akagawa, akafuta kwa kiwiko, akazidisha tena. Chaki ikasimama hewani.

“Karibu wiki tatu,” akasema polepole.

“Wiki tatu za nini?”

“Tulizokosa kuhesabu, wifi. Tumehesabu kwa siku za hapa, na siku za hapa ni ndefu.” Akakaa juu ya mkoba wake bila kujua. “Kitabu changu kinasema wiki arobaini. Hakikusema wiki za wapi.”

Hilo halikuwahi kumpata mtu. Walikubaliana tangu waliposhuka kwamba hakuna kuzaa mpaka mji uwe na maji safi ya kutosha, na mimba hii ndiyo ilikuwa ya kwanza kabisa. Walikuwa wamerekebisha saa, kengele ya kazini na ratiba ya mitungi ya hewa ya wapiga mbizi. Aliye tumboni hakuna aliyemwambia kuhusu saa kumi na tatu.

“Kwa hiyo hajaja kabla ya wakati,” Mama Kaza akasema.

“Hata kidogo. Amefika. Sisi ndio tumechelewa.”

Kicheko kilimponyoka Mama Kaza kabla hajakizuia. Kilitoka kama chafya. Wifi naye akashikwa, akawa anacheka huku analia, na wakati huo huo sakafu ikanyanyuka taratibu chini ya miguu yao, kwa maana maji yalikuwa yamefika, na nyumba ikaachana na mwamba. Vikombe vikatembea mezani vyenyewe. Minyororo minne ikavutika na kuimba, pete moja moja, na hakuna hata moja iliyokohoa.

“Imefungwa vizuri,” wifi akasema akifuta machozi.

“Vizuri sana,” Mama Kaza akajibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

“Wifi,” muuguzi akasema, “mkondo wa maji haya unaelekea wapi?”

“Usinitege.”

“Sikutegi. Wewe ndiye uliyetutisha kwenye mkutano wa mji. Ulisemaje?”

Mama Kaza akavuta pumzi. “Nilisema kitu kikikatika hapa, hakina kona ya kupinda. Kinaishia mwamba wa pili.”

“Kama banda la zana, mwaka juzi.”

“Kama banda la zana.”

“Lilivunjika?”

“Lilikwama kwenye mwani.”

“Na ile ndoo ya rangi iliyokuwa rafuni?”

Hilo Mama Kaza hakulitaja mkutanoni, maana lingeharibu hotuba. Akatazama dari. “Haikumwagika,” akakiri.

Redio ikakwaruza. Safari hii ilikuwa sauti ya binti peke yake, ndogo: “Mama?”

Mama Kaza akachomoa nyundo kiunoni.

“Baba watoto! Shuka! Hapana, baki huko huko, kumbatia tangi! Mama, weka kopo lako sakafuni na ushike kiti. Wifi, zima jiko, funga kabati la vyombo, kisha kaa juu ya mtungi wa gesi.”

“Nikae juu ya mtungi?”

“Una kazi nyingine?”

Pini za minyororo zilikuwa ndani, moja kila pembe ya nyumba. Ya jikoni aliipiga mara mbili ikaruka na kupotelea nyuma ya unga. Ya chumbani ilibidi asukume kitanda kwa makalio, na ya bafuni aliitoa amesimama ndani ya beseni. Kila pini ilipotoka, nyumba iligeuza shingo kidogo, kama ng’ombe anayehisi mlango umeachwa wazi, na kila ilipogeuka, wifi juu ya mtungi alipiga kigelegele asichoweza kukizuia.

Ya nne ilikuwa chini ya kiti cha mama mkwe. Bibi akainua miguu yote miwili, akabaki ameikunja hewani kama msichana. Mama Kaza akapiga. Pini haikusogea. Akapiga tena, jasho likamtoka.

“Shetani gani amekaza namna hii?” akafoka.

“Jina lake nalijua,” bibi akasema.

Dirisha la jirani likafunguka. Fundi viatu alikuwa ametoa kichwa, povu la sabuni shavuni. “Mama Kaza! Mnyororo wako wa mbele umelegea!”

“Nimeulegeza mimi!”

“Wewe?”

“Kakaze wako, uniache!”

Pigo la tatu pini ikatoka. Nyumba ikatetemeka, ikafikiri kidogo, kisha ikateleza. Ukuta wa fundi viatu ukapita dirishani, pamoja na fundi mwenyewe, mdomo wazi. Ikapita shule, ikapita ghala, na mume huko paani akaanza kuwapungia watu mkono mmoja kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Kisha mji ukaisha, na mbele kukawa na maji ya kijani yanayokimbia, na juu yake miezi miwili myeupe, bega kwa bega.

Mama Kaza akaikamata redio. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alikuwa na furaha ya kipumbavu namna hiyo.

“Mwanangu, usisukume bado. Mwambie mumeo avue viatu, ashuke kwenye mwani na kamba ndefu. Tunakuja.”

“Mnakuja na nini, mama? Mashua si mmezizamisha?”

Mama Kaza akatazama nyuma. Wifi alikuwa amekumbatia mtungi. Mama mkwe alikuwa ameinama, akitafuta kwa mkono kifungo kimoja kilichokuwa kinabiringika sakafuni.

“Tunakuja na jiko,” akasema, “na vitanda, na baba yako yuko juu ya paa, na bibi yako.”