Mpaka Uliotembea

Mji wa Lushoto una matatizo mengi na mimi nayajua yote. Stendi imebanwa mpaka basi likigeuza, wauza matunda wanashika vikapu vyao. Taa za barabarani zinawaka mchana na kulala usiku. Watu wanachimba mlima na kusimamisha nyumba mahali ambapo hata mbuzi angesita. Halafu niambieni, nani aliruhusu mikaratusi ipandwe juu ya chemchemi? Mkaratusi unakunywa maji kuliko ng'ombe, na hautoi maziwa.

Sisemi haya kwa kujisifu. Jicho ninalo. Miaka ishirini na sita nilipima mbao kwenye kiwanda kimoja kule Shume, na ubao uliopinda nilikuwa naujua kabla haujashushwa chini. Nilipostaafu mbao ziliisha, jicho likabaki, nikalielekeza kwenye mji. Katika kundi la WhatsApp la kitongoji chetu natuma ujumbe wa sauti, maana vidole vyangu ni vinene na mambo ni mengi. Mke wangu Eliza anasema watu wanaufungua wakiinjika maji ya ugali, na Mzee Sefania akimaliza, ugali umeiva.

Lakini jambo lililoniuma kuliko yote ni la Mwanaidi, jirani yetu wa upande wa chini. Mwanaidi anashona sare za shule. Mume wake ni dereva wa lori, siku za njiani ni nyingi kuliko za nyumbani. Kati ya kiwanja chake na changu unapita mfereji unaoteremsha maji ya mvua kutoka mlimani hadi mtoni. Miaka minne sasa mvua ikikolea, maji yanaruka mfereji na kuingia chumba chake cha kushonea. Masika iliyopita yalikuta sare arobaini zimekunjwa sakafuni, zinasubiri wenyewe. Alizifua zote upya, akazianika mpaka kwenye ua wangu.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi alikuja kwetu, akatuamkia, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Baba, kuna mtu wa Tanga anataka kununua kiwanja changu. Anakuja Jumamosi. Nimechoka kuanika nguo za watu, na vuli ndiyo hiyo inakuja."

Watoto wetu watatu wako Dar es Salaam na Arusha, wanapiga simu Jumapili baada ya ibada. Presha ilipompanda Eliza, aliyempakata kwenye bodaboda mpaka hospitali ni Mwanaidi. Ramadhani bakuli la futari linafika kwetu kabla yeye mwenyewe hajafuturu, na Krismasi chapati za nyumba hii anazisukuma yeye. Nampenda kama mwanangu wa kumzaa na sikutaka aondoke.

"Huuzi," nikamwambia. "Hili ni kosa la halmashauri. Mji hauna mpango! Maji hayana mwenyewe, mitaro haina mwenyewe, na wakubwa wale wanapita na magari vioo vimefungwa. Nitaandika barua."

Mwanaidi alifungua mdomo, ila mimi nilikuwa nimeshafika kwenye habari za mikaratusi. Akasikiliza mpaka mwisho, akaaga.

Barua ilikuwa ya kurasa nne. Niliipeleka mwenyewe kesho yake, na kwa mshangao wangu, Alhamisi asubuhi halmashauri ikaja. Ilikuja kwa miguu, ikiwa na buti za mvua na ramani ndani ya mfuko wa nailoni. Afisa mipangomiji, binti anayeitwa Janeth.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uone aibu ya mji."

Tangu getini mpaka bustanini nilimpa habari ya stendi, ya taa, na ya nyumba za mteremkoni. Aliandika mambo mawili matatu kwenye daftari, nikampenda. Kisha akashuka mferejini, akavuta tepu, akasoma, akavuta tena.

"Mzee, kwenye ramani mfereji huu una upana wa mita mbili na nusu. Hapa napata sentimita sabini."

"Si nilisema?" nikapiga kofi. "Umeliwa! Watu hawana adabu. Huwezi kupanga mji wa watu wasio na adabu. Nani ameula?"

Janeth aliinua macho kutoka kwenye tepu. Alikuwa anautazama ua wangu.

Sasa lazima nieleze kuhusu ua huo. Huku kwetu mpaka ni masale, ile mimea ya majani marefu. Ukuta unabomoka na waya unaibwa, lakini sale likishashika mizizi hakuna anayeligusa. Anayeng'oa sale la mpaka anatafuta ugomvi ambao wajukuu zake wataurithi. Ua huo niliukuta niliponunua kiwanja mwaka tisini na moja, na sijauacha uwe na pengo hata siku moja. Kila Pasaka naukagua. Sale likifa, nakata kipande cha sale la jirani yake, nakichomeka, mvua inafanya kazi iliyobaki. Hata mchungaji ameusifu.

"Likifa moja," Janeth akauliza, kwa upole kabisa, "jipya unalichomeka wapi, mzee?"

"Palepale."

"Palepale lilipokuwa la zamani?"

"Hapana, pale si kuna kisiki? Pembeni yake."

"Pembeni ya ndani au ya nje?"

"Ndani kuna viazi, mwanangu. Utachomekaje sale kwenye viazi?"

Nilijisikia nikitoa jibu hilo, na halikunipendeza. Eliza, aliyekuwa anamenya magimbi mlangoni pa jiko, aliacha kumenya.

Janeth aliingia kwenye viazi vyangu akiwa ameshika ramani, akahesabu hatua, akasimama. Akaomba jembe.

"Hapo utaharibu jembe," nikamwonya. "Hapo kuna jiwe. Kila msimu jembe langu linagonga hapo, na kila msimu nalilaani."

Alifukua kidogo tu. Halikuwa jiwe. Lilikuwa bonge la zege lenye chuma katikati, alama ya wapima ardhi, na namba zake zinasomeka vizuri kabisa. Kutoka hapo mpaka kwenye ua wangu, mita moja na sentimita themanini.

"Udongo wa milimani unateleza," nikasema. "Mvua za huku unazijua. Hiyo alama itakuwa imeteleza."

"Imeteleza kupanda mlima, mzee?"

Eliza alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mgosi wangu," akasema, akiniita mume kwa Kisambaa, "sale lile la mwisho si umelichomeka Pasaka hii hii? Nilikushikia ndoo."

Basi. Masale hayatembei, ila mimi nilikuwa nimeyatembeza, kiganja kwa kiganja, miaka thelathini na ushei. Mizizi ikakamata tope, tope likajaza mfereji, na maji yasipopata njia yanajitafutia, na upande wa chini yupo Mwanaidi. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa kijana. Mtu wa kujua ubao uliopinda kwa kutupa jicho!

Janeth alifuta tope kwenye buti, akasogea karibu yangu na kushusha sauti. Alikuwa binti aliyelelewa vizuri, na hakutaka kumwaibisha mzee kwenye bustani yake.

"Mzee, kwenye taarifa naweza kuandika kwamba mfereji umesongwa na mimea. Si uongo. Ukiingizwa kwenye bajeti, vibarua watakuja mwaka wa fedha ujao, mwezi wa saba huko."

Mwezi wa saba. Vuli itakuwa imepita na masika itakuwa imepita. Jina langu litabaki safi, na mtu wa Tanga anakuja keshokutwa. Kusema kweli nililiangalia pendekezo hilo kwa jicho la tamaa. Lilikuwa zuri. Nisingelazimika kutamka hata neno moja.

Ndipo Mwanaidi akatokea kwenye njia ya chini, tepu ya kushonea shingoni, nyuzi zimemganda kwenye kanga. Alimwamkia Eliza, akamsalimia Janeth, akanigeukia.

"Wamesemaje, baba?"

"Halmashauri," nikaanza, kwa sauti ile ile ninayoitumia kwenye simu, "halmashauri hii ina tatizo la msingi, nalo ni..."

Wote watatu walikuwa wananitazama. Nikakosa pa kwenda.

"Si halmashauri," nikasema. "Ni mimi. Ua wangu umekula mfereji. Maji yanayoingia kwako nimeyaelekeza mimi kwa mkono wangu, na mwaka huu nimeongeza. Nisamehe, mwanangu."

Nilingoja alie, au anipandishie sauti, na ningemwelewa. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliinamisha macho, kama mtu anavyofanya mbele ya mkubwa wake.

"Nilijua, baba."

"Ulijua?"

"Nakuona dirishani. Kila Pasaka nakuona unachomeka, na kila Pasaka mfereji unapungua."

"Sasa mbona hukuniambia?" nikamaka. "Miaka yote hii! Unakaa, unalowa, unataka kuhama, na mimi nipo hapa!"

"Nilikuja kukuambia, baba. Mara tatu nimekuja." Alikuwa anaikunjakunja tepu yake kidoleni. "Ulikuwa unaongea."

Hakuna aliyecheka, hata Eliza.

Nilikwenda kwenye sale la mwisho, lile la Pasaka hii, nikashika shina lake kwa mikono miwili. Eliza alisimama, magimbi yakamdondoka kutoka mapajani. Katika maisha yangu yote sijaona mtu akiling'oa sale la mpaka. Nililivuta hivyo hivyo. Lilitoka kirahisi kuliko nilivyotarajia, na mizizi yake ikatoka na tope jeusi la mferejini.

Mpaka haupandwi na mtu mmoja. Hata marehemu baba yangu, aliyekuwa mbishi kuliko mimi, alimwita jirani kabla ya kuchomeka sale. Nililishika lile sale mkononi, nikamwambia Mwanaidi, "Njoo unionyeshe nilichomeke wapi."

"Mimi, baba?"

"Wewe. Na mnunuzi wako?"

"Kwanza nione maji yatapita wapi," akasema.

Akavua ndala, akaingia mferejini. Alianza kwa sauti ndogo, akionyesha maji yanapopiga kona na yanaporukia. Kisha sauti ikapanda. Ukingo wa chini uwekewe mawe, wa juu uwekewe majani ya kushika udongo, na mtaro wa kwa jirani wa juu uzibuliwe kabla ya wetu, kwa maana tukianza na wetu tutakuwa tunachota tope la wenzetu. Janeth alikuwa amefungua ukurasa mpya na alikuwa anaandika mbio. Kuhusu mawe nilikuwa na maoni, na kuhusu mwinamo wa maji nilikuwa nayo mengi zaidi. Nikayameza, nikashika jembe, nikachimba pale aliponionyesha.