Samaki wa Kutajwa

Mbasa wa kwanza alifika nyumbani kwa Mama Hedwiga Jumanne moja asubuhi, mwenyewe akiwa ameinama anaanika muhogo kwenye jiwe. Alikuja kwa njia ya ziwani, kwa tumbo, akipumzika hapa na pale kama mgonjwa anayetoka zahanati. Alipofika mlangoni akagonga mbao kwa mkia. Mama Hedwiga akajibu "Karibu" bila kugeuka, maana muhogo ukiuacha nusu, kuku wanakumalizia. Alipogeuka alimkuta samaki amelala kizingitini, mnene, magamba yanang'aa, ametulia kama mtu aliyefika salama. Akamshukuru Mungu, akampara, akampika, akampelekea jirani yake Beata bakuli la mchuzi.

"Msimu wa mbasa bado. Huyu katoka wapi?" Beata aliuliza.

"Kaja mwenyewe."

"Basi mwambie siku nyingine aje na nyanya."

Waliofuata nao walikuja bila nyanya. Juma hili mmoja, juma lijalo wawili, hata kiangazi ambapo mbasa wote wenye akili wako kilindini. Kijiji chao kiko ufukoni mwa Ziwa Nyasa, mwendo mfupi tu kutoka Kihagara, na habari haikukawia kusambaa, lakini hakuna aliyeisafiria. Samaki ni samaki. Kama ana miguu au hana, mwisho wake ni chungu.

Aliyeeleza jambo hili lilivyo ni Winifrida, binti wa Mama Hedwiga, alipokuja likizo. Winifrida alikuwa mtafiti chuoni. Miaka ya nyuma, ushirika ukiwa bado hai, alikaa misimu miwili kando ya mto wao akaandika andiko moja. Nusu yake ilihusu samaki: jinsi mbasa wanavyoliacha ziwa mvua zikijaza mto, wanavyopanda hadi kwenye changarawe kutaga, kisha wanarudi. Nusu ya pili ilihusu watu: jinsi kijiji kilivyokutana kila mwaka na kuinua mikono kuufunga mdomo wa mto, asitege mtu hata ndoana, mpaka samaki warudi ziwani. Winifrida hakuona namna ya kuwaeleza samaki bila mikono. Chuoni hawakumwelewa. Watu wa biolojia walisema huyu ni mwanasiasa, watu wa siasa wakasema huyu ni mvuvi, na cheo chake kikabaki katikati ya barabara kama mbuzi.

Lakini nje andiko lilitembea. Wataalamu wa samaki walilitaja katika maandiko yao, na kila walipolitaja, mbasa mmoja alikuja kwa Mama Hedwiga. Winifrida alilinganisha na majarida ya maktaba, akaona yanalingana. Aliyetajwa Uswidi alifika wa baridi mpaka ukimshika vidole vinauma. Aliyetajwa na mtu wa kumpinga alikuwa na miiba mingi. Pale mtu alipochukua maneno ya Winifrida bila kumtaja jina, ilipita harufu tu, nzuri sana, na watu wakalala na ugali mkavu. Winifrida naye alipojitaja mwenyewe katika andiko lake jingine, alikuja usipa mmoja, dagaa wa ziwa lile, tena mwembamba, akabaki nje kwa aibu.

Wataalamu wa siasa hawakuleta samaki. Wao walipolitaja, kijiji kizima kiliinua mkono wa kulia. Kilian, mwalimu wa kwaya, aliinua wake katikati ya zaburi na sauti ya tatu ikapotea. Mvuvi aliachia kasia. Darasani wanafunzi wote waliinua mikono kwa pamoja, na mwalimu wa hesabu, ambaye alikuwa hajawahi kuona hata mkono mmoja, alikwenda nyumbani siku hiyo amefurahi. Mkono ulikaa juu kwa muda wa kusoma sentensi moja ndefu, kisha ukashuka. Watu walizoea kubeba vitu vya kumwagika kwa mkono wa kushoto, na kula kwa kushoto hakukuwa tena kukosa adabu.

Kwa yote hayo walishukuru. Si kila kijiji kinatajwa.

Mama Hedwiga alishukuru pia, ila alikuwa ameona kitu. Wale samaki wa kutajwa hawakuwa na mayai. Aliwapasua mmoja baada ya mwingine, na ndani mlikuwa safi kama bakuli lililooshwa. Wenye mayai walikuwa wale wa mtoni, na wa mtoni walikuwa wanakwisha. Ushirika ulikuwa umekufa, biashara zote ruksa, na kutoka Mbinga alikuwa ameshuka Ildefonsi na pikapu, makasha ya barafu na nyavu za macho madogo. Alikuwa na kibali cha huko juu. Kila masika alifunga wavu mdomoni mwa mto, kutoka ukingo huu hadi ule, na mbasa walipanda milima ya Mbinga wakiwa ndani ya barafu, mayai yao tumboni. Mkutano wa kuufunga mto haukuitishwa tena. Masika yaliyopita Mama Hedwiga alipanda mwenyewe hadi kwenye changarawe, akakuta jozi moja tu ya mbasa, wanazunguka kama watu waliokosea siku ya harusi.

"Hawa wanaonijia ni wageni," alimwambia binti yake. "Wageni hawazai hapa. Mwaka huu wasipopanda, basi tena."

Akampitia Joakim, mwenyekiti wa kijiji, akamwomba aitishe mkutano. Akazunguka nyumba hata nyumba. Watu walimsikiliza, wakamwambia Mama unasema kweli, wakamwangalia mtoto wa Vitalia. Vitalia alikuwa ameshikwa na uchungu wakati wa mvua, na gari la Ildefonsi ndilo lililompeleka hospitali usiku ule wa matope. Ildefonsi hakutaka hata asante. Mtoto akapewa jina lake. Sasa hebu umfungie mto mtu ambaye jina lake linakukojolea mgongoni kila siku.

Hata hivyo wengine walimwahidi. Beata alimwahidi. Kilian alisema atainua mkono, na kwaya yake yote itafuata, kwani haina mazoea ya kuanza yenyewe.

Mkutano ulifanyika mchana katika ghala la ushirika, ambalo halikuwa na kitu kingine cha kuhifadhi. Ildefonsi alifika mapema, akawaamkia wazee mmoja mmoja.

"Shikamoo, Mama Hedwiga."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukufukuza mtoni."

"Najua, Mama. Ukimaliza nitakurudisha nyumbani, jua kali."

"Nitashukuru."

Winifrida alieleza habari za changarawe na mayai, kwa kifupi, kwa lugha ya watu. Ildefonsi alieleza kwamba ana kibali, na kwamba akiondoka, gari nalo litaondoka. Wote wawili walisema kweli. Kisha Joakim akasimama kuuliza. Mjini wangeanza na hoja ya aliyeomba mkutano. Kwao mgeni huhudumiwa kwanza, iwe maji, iwe kiti, iwe hoja, na Ildefonsi ndiye alikuwa mgeni.

"Wanaotaka mto ubaki wazi kwa wavu wa ndugu yetu, wainue mikono."

Hakuna mkono ulioinuka. Beata alikumbatia mikono yake kifuani. Kilian alikalia wa kwake. Mama Hedwiga alitazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza tangu masika yaliyopita moyo wake ukatulia.

Ndipo mikono yote ikainuka. Wa Beata ulichomoka kifuani, wa Kilian ukamnyanyua na yeye mwenyewe. Wa Vitalia uliinuka, na mtoto mgongoni akainua wa kwake, mdogo, umekunja ngumi. Mama Hedwiga aliutazama mkono wake wa kulia ukiwa juu, umenyooka kuliko yote, akaushika kwa kushoto kuuvuta. Haukushuka mpaka sentensi ilipokwisha, na ilikuwa ndefu.

Joakim alihesabu. Hakuuliza upande wa pili, kwa sababu hakukuwa na mkono uliobaki. Ulikuwepo wa Winifrida tu, ambao haukuwahi kuinuliwa na andiko lake mwenyewe, lakini Winifrida alikuwa mtu wa likizo, si mkazi.

"Mwenyekiti," alisema Mama Hedwiga, "mkono huu haukuniuliza."

"Mama yangu, tangu chama kikiwa kimoja, kijijini hapa mkono ukiinuka umeinuka. Hauulizwi umetumwa na nani."

Watu walicheka, maana ilikuwa kweli. Kisha walitoka taratibu, wakipeana mikono ileile. Kila mmoja alishukuru moyoni kwamba hatajua kamwe angeamua nini. Ildefonsi alimrudisha Mama Hedwiga kwa gari, akamfungulia mlango, naye akashukuru kama alivyoahidi.

Baadaye Winifrida aliona maktabani kilichotokea. Mchana uleule, huko Norwe, profesa mmoja alisimama mbele ya ukumbi uliojaa akasoma kwamba watu wa pwani ile ya Nyasa huamua habari za mto wao kwa mikono yao wenyewe na kwa hiari yao. Akamtaja Winifrida, jina na mwaka. Ukumbi ukapiga makofi.

Winifrida aliandika andiko jipya. Humo alieleza mkutano ule, na wavu, na jozi ya mwisho, akasema waziwazi kwamba mto unakufa na unahitaji kufungwa. Lilipokelewa vizuri kuliko la kwanza. Lilitajwa na watu wa samaki na watu wa siasa kwa pamoja, mpaka biolojia na siasa wakagombana huyu ni wa nani, na cheo chake kikapita. Kijijini mikono ilikuwa juu karibu kila siku, na mbasa waligonga milango ya majirani kwa sababu kwa Mama Hedwiga palijaa. Kanisani ilifanyika ibada ya shukrani. Ildefonsi alitoa barafu ya kuwahifadhia mbasa hao.

Masika yalipofika Mama Hedwiga alimchukua mbasa mmoja wa kutajwa aliyekuwa na nguvu, akamtia kwenye beseni la maji, akajitwika, akapanda naye hadi kwenye changarawe. Maji yalikuwa meupe, hayana mtu, hata ile jozi moja. Akamwachia. Samaki alisimama akiuelekea mkondo, kwa heshima, kama anayesikiliza hotuba ya lugha asiyoijua. Kisha akatoka majini, akamfuata Mama Hedwiga kuteremka.

Njia yao ilivuka mdomoni mwa mto. Vijana wa Ildefonsi walikuwa pale, wamesimama maji kiunoni, wavu umetanda. Walimwamkia, wakamshikia beseni. Wakauinua wavu apite na samaki wake.

"Asanteni, wanangu," alisema Mama Hedwiga.

Wakaushusha.