Vita vya Plagi Nyeupe

Sindano aliingia vitani na sare ya shule na kandambili, kwa kuwa historia haimsubiri mtu abadilishe nguo.

Uwanja ulikuwa sakafu ya stoo ya gereji. Upande wake alisimama Kaburi, mashine yake ya kupigana yenye msumeno uliokatwa kwenye kifuniko cha kopo. Upande wa pili alikuwepo Faru, dude la chuma lenye nyundo, mali ya binamu yake Jembe, anayejifunza ufundi wa magari hapohapo kwa baba yake mwenyewe. Katikati ilikaa pawasaplai, kisanduku cha kugawa umeme kilichong'olewa kwenye kompyuta mbovu, waya wa kijani umefungwa kwa mweusi ili iwake. Ilikuwa moja tu. Mshindi angeondoka nayo. Aliyeshindwa angerudi kwenye betri za tochi.

Kila mmoja alichukua plagi yake nyeupe ya matundu manne kutoka kwenye pawasaplai: njano, nyeusi mbili, nyekundu. Jembe alichomeka waya wa mota kwenye nyekundu bila kufikiri. Kwenye magari anayotengeneza, nyekundu ndiyo yenye volti kumi na mbili. Kwenye kompyuta nyekundu ina tano. Kumi na mbili ziko kwenye njano. Sindano aliona. Akajikuna sikio, akachomeka wake kwenye njano kitakatifu.

"Sali kabisa, mtoto wa shangazi," alisema Jembe.

"Nimeshasali. Zako nitakusalia makaburini."

Faru alijikokota kama mgonjwa anayetafuta choo. Kaburi akamvamia, akamchana ubavu, akamng'oa bati la kisogoni. Cheche ziliruka.

"Umechezea waya zangu, mwizi wewe!" Jembe alifoka.

Ngumi ilimpata Sindano mdomoni. Aliuma mkono uliompiga mpaka ukasikika mlio wa mbuzi, na mbuzi hakuwepo. Jembe akampiga teke la tumbo. Sindano akamvurumishia kopo la bolti. Likampasua nyusi, damu ikamfunika jicho. Hapo Jembe akanyanyua spana kubwa juu ya pawasaplai.

"Nikiikosa mimi, na wewe unaikosa!"

Feni ndogo ya pawasaplai ilikuwa inazunguka kwa utulivu, haina habari. Sindano alishindwa kuvumilia.

"Njano!" alipiga kelele. "Weka kwenye njano, bwege! Nyekundu ina tano tu!"

Spana ilisimama hewani. Jembe alijifuta damu, akainama, akahamisha waya.

"Tunaendelea," alisema.

Faru alinguruma. Nyundo ya kwanza ilimvunja Kaburi mgongo. Ya pili ilirusha msumeno, ukamchana Sindano muundi. Nyundo iliendelea kupondaponda hata pale ambapo hapakuwa tena na cha kuponda.

Jembe alizima umeme ukutani, akaikumbatia pawasaplai kwa mikono yenye damu kama baba aliyetoka kukabidhiwa kichanga.

"Asante, dada," alisema kwa adabu zote, akaelekea mlangoni.

Sindano alitema jino kiganjani, akalenga kisogo cha Jembe, akalirusha kwa nguvu zote zilizobaki.

Lilimkosa.