Furushi la Krastyo

Sikukuu ya Msalaba, ambayo ndiyo siku ya jina la Krastyo, kanisani ni ya kufunga, hata jibini haliliwi, lakini yeye aliingia ofisini na sinia la banitsa, mkate wa matabaka membamba uliojaa jibini, akawagawia watu wote wa ghorofa ya pili. Hapa Plovdiv, Bulgaria, mwenye jina ndiye anayekaribisha wenzake, na Krastyo hajawahi kukosa sababu ya kutazamwa. Zdravka alikitafuna kipande chake kwa shida. Miaka minne alikuwa akisubiri kuwa mkuu wa wahandisi, na mkurugenzi Belchev alimwahidi: maliza kazi ya kiwanda cha maziwa, cheo ni chako.

Kazi yenyewe ilikuwa kuihamisha programu ya kiwanda kutoka kwenye seva kuukuu na kuiweka ndani ya kontena, yaani kifurushi cha programu kinachoweza kuwashwa kwenye mashine yoyote. Zdravka alitaka kuijenga upya hatua kwa hatua, kila kitu kiandikwe. Krastyo, msimamizi wake, alicheka mpaka makombo yakamtoka.

"Dada wee, unapenda kujitesa! Funga diski nzima iwe faili moja, liingize kwa amri moja, taswira ya kontena, nakala ya kuliwashia, hiyo hapo. Dakika kumi tu. Nitamwonyesha mteja mwenyewe."

"Diski nzima? Unajua humo mna nini?"

"Seva nimeitunza miaka tisa. Leo unifundishe kazi?"

Basi bwana mkubwa akafunga kila kitu, hata vumbi nadhani. Mchana Bi Kalina Tosheva wa kiwandani akaketi na Belchev mbele ya skrini ya ukutani. Krastyo akaandika mstari wake mmoja, akabonyeza, namba ndefu ikatokea: taswira tayari. Akajipigia makofi mwenyewe.

"Mbona nzito hivi?" akauliza Bi Kalina. "Programu yetu ni ndogo sana. Nionyesheni kilichomo."

Krastyo akamwashiria Zdravka, maana kuorodhesha mafaili ni kazi ya wadogo. Lo! Yakamwagika: video za harusi za Krastyo, zote tatu, picha za mashua asiyoweza kuinunua, na waraka wa mwezi Machi ulioitwa "Kwa Belchev, kuhusu Zdravka".

"Huo usi..." Krastyo akaruka. Zdravka alishaufungua.

*Kama tulivyokubaliana, cheo hapati. Mwache atumaini mpaka amalize kazi ya maziwa. Ana mikono mizuri, kichwa hana.*

Wote waliusoma ukutani. Zdravka alihisi uso ukimwaka kwa aibu, kisha kwa hasira, kisha akatulia kabisa. Belchev alikuwa akikichunguza kikombe chake.

"Hayo ni yenu," akasema Bi Kalina. "Mimi nataka programu iwake."

Krastyo akajaribu. Ikagoma: hakuna amri ya kuanzia. Furushi lile lilibeba mafaili tu. Lipi liwashwe, na kwa mipangilio gani, halikusema. Na miaka yote tisa Krastyo hakuwahi kuiwasha programu ile hata siku moja. Aliyekuwa akiiwasha alikuwa Zdravka.

"Zdravka, mama," Belchev akalainika, "tuandikie huo mstari wa kuiwasha. Cheo tutazungumza."

"Tumezungumza tangu Machi," akajibu Zdravka, akivaa koti. "Mwambieni mwenye kichwa awawashie."

Akashuka ngazi bila kugeuka. Nyuma yake viatu vya Bi Kalina vilikuwa vikimkimbilia, naye akiuliza kama kesho asubuhi ana nafasi ya kuja kiwandani.