Sauti Nyuma ya Kamera

Watu huniletea harusi zao zikiwa vipande vipande, nami naziunganisha. Huyu kapiga kwa kamera ya bega, yule kwa simu, na kila mmoja anaamini cha kwake ndicho kizuri. Vicheko vya maharusi wa mtaa mzima navijua. Wao wakinikuta njiani hawanijui, na nyumbani hakuna anayeniuliza mbona nimechelewa. Nimezoea, au ndivyo ninavyojiambia.

Seremala alipoingia dukani nilikuwa na kisirani changu cha kila siku. Ni mzee mkimya, amestaafu, vidole vimejaa makovu ya msumeno. Akapanga mezani kanda kubwa ya video, kanda ndogo ya kamera ya mkononi, na simu iliyopasuka kioo.

"Fundi, nitilie vyote kwenye DVD moja. Deki yangu haijui kitu kingine."

"Sherehe gani, mzee?"

"Si sherehe. Ni marehemu mke wangu."

Nikatazama. Mwanamke hayumo. Ni seremala mwenyewe tu: anapiga randa, anakula, amelala mdomo wazi. Nikamuuliza mkewe yuko wapi.

"Ndiye aliyeshika kamera. Sura yangu naijua, naiona kila nikinyoa. Mimi nataka sauti yake. Imeanza kunitoka, fundi. Maneno yake nayakumbuka, sauti siipati."

Kisirani kikaniisha. Picha hazikunisumbua. Za kanda kubwa ni za mraba na zimepauka, za simu zimesimama wima, na DVD inataka zilale. Nikazipunguza, nikaziba pembeni kwa weusi, basi. Sauti ndiyo iliyonitoa jasho. Kwenye kanda ndogo mama ananong'ona, maana mjukuu amelala. Kwenye simu tayari anaumwa, koo limekauka, kila neno analivuta kwa shida. Sauti yake ya uzima ilikuwa kwenye kanda kubwa peke yake, nayo ilikuwa imevutika kwa uzee. Ilikwenda polepole, kwa hiyo mama wa watu akatoka na sauti nzito kama ya mlinzi wa geti.

Kuiongeza kasi ni kazi ndogo. Kazi ni kujua uongeze kiasi gani. Ukizidisha kidogo tu, umemtengenezea mtu mke mwingine.

Nikamkalisha karibu yangu, nikawa napandisha na kushusha.

"Hapo?"

"Juu kidogo."

"Na hapo?"

"Hapo hapo."

Nikaipeleka mbali kabisa bila kumwambia. Akasema hapo pia sawa. Kisha akanitazama, akaelewa nilichofanya.

"Usinijaribu, fundi. Sijui tena."

Mke wangu mimi yu hai, anaishi na mtu mwingine mtaa wa pili, na sauti yake ninayo kichwani hadi leo bila kuitaka. Nilitamani ningeweza kumgawia mzee huyu hata uwezo wa kukumbuka. Nikaiacha kanda ikaendelea ilivyo, na nyuma ya maneno ya mama nikasikia saa ya ukutani ikigonga, nzito na ya kuvutika.

"Saa hiyo bado unayo?"

"Ipo. Niliisimamisha tuliporudi kutoka makaburini. Nyumba ikiwa kimya, ile saa inapiga kelele mno."

"Niletee kesho."

Akaja ameipakata, ameifunga kwenye shuka. Tukaitundika kwenye msumari wa kalenda. Akaitia ufunguo, akasogeza mshale mpaka ikagonga. Kengele ya saa haibadiliki kama koo la mtu. Nikawa naiongeza kanda kasi kidogo kidogo, yeye anasogeza mshale, ya ukutani inagonga, ya kwenye kanda inajibu, mpaka zikalingana, nisijue ipi ni ipi.

"Basi, mzee. Hii ndiyo sauti yake."

Mama akaongea. Sauti nyepesi, ya haraka, ya mtu aliyebana kicheko. Alikuwa anamuuliza mumewe kama chumvi imekolea, akamsimanga kwa vumbi la mbao nywelini. Seremala alisikiliza mikono ikiwa magotini. Uso wake haukubadilika.

"Una hakika?"

"Saa ndiyo inayosema."

"Mimi siitambui," akasema taratibu. "Inaweza kuwa ya yeyote."

Roho iliniuma. Nikanyoosha mkono nizime.

"We bwana," mama akasema kwenye kanda, "geuka huku. Umenipa mgongo."

Seremala akageuka. Kwenye kioo cha kompyuta aligeuka yeye wa ujanani, na kwenye kiti changu aligeuka mzee, akapangusa nywele vumbi lisilokuwepo, akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Alikaa hivyo, shingo imepinda, hadi macho yakamjaa machozi.

"Ndiye," akasema.

Nikamchomea DVD yake. Aliitia mfuko wa shati, akaipakata saa bila kuisimamisha. Nilisikia mlio wake ukiteremka naye ngazi.

Ukutani ukabaki msumari. Nilitakiwa kuanza harusi ya watu. Badala yake niliirudisha nyuma nakala ya kanda ya mama, nikageuza kiti, nikaipa kompyuta mgongo, nikasubiri niitwe.